Logi Safi, Treni Imesimama

"Mkuu, Garratt inagoma kupanda. Logi haina kosa hata moja."

Kijana aliyeniandikia hivyo alikuwa ameambatanisha folda nzima ya simuleta yake, mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta: kichwa cha mvuke aina ya Garratt cha daraja la 59, mabehewa ya mizigo ya jumla ya tani 1,200, na kipande cha reli ya zamani ambacho amekuwa akikijenga kutoka Mombasa kuelekea bara. Treni inaondoka vizuri kwenye tambarare. Ikishika mwinuko wa kwenda Mazeras inaanza kuchoka, inatambaa, inasimama. Breki zimeachiliwa, boila ina presha kamili, regyuleta, valvu inayopeleka mvuke kwenye silinda, imefunguliwa mpaka mwisho. Haisogei.

Nimeona kesi hii inastahili makala, kwa sababu kila anayeingia kwenye kumodi, yaani kurekebisha mwenyewe, simuleta za treni huambiwa jambo moja tangu siku ya kwanza: soma logi, lile faili ambamo programu huandika makosa iliyokutana nayo. Ushauri huo ni sahihi, ila unakufikisha mahali fulani tu. Kuna makosa ambayo logi haitakuambia kamwe, na kwa maoni yangu hayo ndiyo matamu zaidi kuyatafuta.

Kwa msomaji mgeni: simuleta tunayoizungumzia ni Open Rails. Ni ya bure, ni programu huria, na inatengenezwa na watu wa kujitolea. Inasoma mafaili ya Microsoft Train Simulator, mchezo uliotoka mwaka 2001 na kutengenezwa na kampuni ya Kuju ya Uingereza. Microsoft walitangaza toleo la pili mara mbili, na mara zote mbili likafutwa. La mwisho lilizikwa mwaka 2009 pamoja na studio ya ACES iliyokuwa ikilitengeneza. Mchezo wa umri huo ungekuwa umeshasahaulika. Kilichouokoa ni kwamba data zake nyingi ni maandishi matupu. Fungua faili la kichwa cha treni, lile lenye kiambishi cha .eng, kwa Notepad yako ya kawaida, na mbele yako kuna uzito, presha ya boila, kipenyo cha silinda, nguvu ya breki, kila kimoja kwa jina lake na thamani yake ndani ya mabano. Huhitaji leseni wala kompyuta ya bei mbaya ili kubadilisha treni. Unahitaji kujua unachokiandika.

Mchezo wa awali ulikuja na njia sita: mbili za Marekani, mbili za Japani, moja ya Uingereza na moja ya Austria. Afrika haikuwamo. Anayetaka kuendesha garimoshi la Mombasa au la Kigoma anashika jembe mwenyewe.

Makosa yanayopiga kelele nitayapitia haraka, maana hayana siri kubwa. Kila unapoendesha Open Rails, inaandika faili liitwalo OpenRailsLog.txt, na kwa kawaida utalikuta kwenye desktopu. Lisome kuanzia juu. Wengi hukimbilia mwisho, pale programu ilipojizima, wakati kilichoiangusha kilitajwa kurasa kadhaa kabla. Teksicha, yaani picha inayovalishwa umbo la treni, ikikosekana, logi itataja jina la picha na folda iliyotafutwa. Nenda ukaangalie kama ipo na kama jina limeandikwa vilevile. Umbo likikosekana, ni hivyohivyo. Desimali zinataka nukta, si mkato, na anayenakili namba kutoka kwenye jedwali la Kijerumani au la Kifaransa atalijua hilo mapema.

Mabano ndiyo yanayosumbua watu. Kila kitu kwenye mafaili haya kimefungwa ndani ya mabano, na mabano ndani ya mabano. Ukiongeza mstari mmoja kuhusu breki ukasahau kufunga, msomaji wa programu anaendelea kuamini kwamba kila kinachofuata bado ni habari za breki, mpaka afike mahali ambapo mambo hayaeleweki tena. Hapo ndipo anapolalamika. Kwa hiyo namba ya mstari unayoiona kwenye logi ni pale alipochoka, na kosa lenyewe liko juu ya hapo, wakati mwingine mbali sana. Mimi hulitafuta kwa kurudi nyuma kutoka kwenye namba hiyo mpaka kwenye mstari wa mwisho ulioguswa na mkono wa mtu.

Kuna pia suala la usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyozihifadhi herufi ndani ya faili. Mchezo wa 2001 ulitaka maandishi ya UTF-16, na ukihifadhi kwa namna nyingine unakataa faili lote. Open Rails ni mvumilivu zaidi, hujaribu kutambua yenyewe. Uvumilivu huo una gharama yake: modi inafanya kazi kwako, unampa mwenzako ambaye bado anatumia mchezo wa zamani, kwake inakufa, na ninyi wawili mnabishana wakati kila mmoja yuko sahihi.

Jambo moja kwenye kundi hili nataka nikae nalo, kwa sababu limewahi kuwakatisha tamaa watu wazima. Mafaili haya huanza na mstari wa utambulisho, SIMISA ikifuatwa na msururu wa alama za @. Open Rails inaposoma faili la maandishi la aina hii, huuchukua mstari wa kwanza kama utambulisho, chochote kilichoandikwa humo. Sasa, Open Rails ina njia nzuri sana ya kurekebisha kichwa cha treni bila kugusa faili la asili: unafungua folda iitwayo OpenRails ndani ya folda ya kichwa chenyewe, unaweka humo faili dogo lenye jina lilelile, unaandika amri ya include inayoita faili la asili, kisha chini yake unaandika vile tu unavyotaka kubadilisha. Mtu anaandika include kwenye mstari wa kwanza kabisa, anahifadhi, anaendesha, na anakuta mambo hayaendi. Amri yake imemezwa kama utambulisho. Maelekezo yanasema wazi acha mstari wa kwanza mtupu, lakini hayakupi sababu, na binadamu asiyepewa sababu huona mstari mtupu ni mapambo.

Turudi kwa Garratt, ambayo logi yake ilikuwa safi kabisa. Niliipitia, na kijana hakukosea: hapakuwa na onyo hata moja la maana. Simuleta ni kama karani wa dirishani: fomu ikiwa imejazwa kila sehemu na imesainiwa, anaigonga muhuri, hata kama umeandika kwamba ulizaliwa kabla ya mama yako. Logi inakagua sarufi. Ukweli wa namba si kazi yake.

Kazi hiyo ni yetu, na kwa bahati nzuri daraja la 59 ni kichwa kinachojulikana vizuri. Vilitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester kati ya 1955 na 1956 kwa ajili ya East African Railways, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252, na havijawahi kutengenezwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu zaidi ya hivyo kwa reli ya upana wa mita moja. Kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta treni za tani 1,200 kati ya Mombasa na Nairobi, kwenye miinuko ya hadi asilimia 1.5. Viwili vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, Gelai karibu na Ziwa Natron na Shengena kule Upare, na Watanzania tunaopita pale makumbusho tuna haki ya kutabasamu kidogo.

Rekodi hiyo ni zana ya ukaguzi. Kama kichwa halisi kilivuta tani 1,200 kwenye asilimia 1.5, na chako kwenye simuleta hakiwezi, basi kuna namba ya uongo mahali fulani kwenye faili. Hapo kalamu na karatasi vinasaidia kuliko logi.

Anza na mlima. Mwinuko wa asilimia 1.5 maana yake reli inapanda mita 15 kwa kila kilomita. Nguvu inayoirudisha treni nyuma ni asilimia 1.5 ya uzito wote: tani 1,200 za mzigo na tani 252 za kichwa, jumla 1,452, ambayo inakupa karibu tani 22 za nguvu, au kilonewtoni 214 hivi. Hiyo ni kabla ya msuguano wa magurudumu na kabla ya kona, na kona njia ile inazo za kutosha. Pale Mazeras reli ya zamani inajizungusha na kupita juu yake yenyewe ili ipate kimo.

Halafu angalia kichwa. Kanuni ya kukadiria nguvu ya injini ya mvuke ni ya zamani na ni rahisi. Chukua kipenyo cha silinda, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa urefu wa mwendo wa pistoni, zidisha kwa presha ya boila, zidisha kwa 0.85, gawanya kwa kipenyo cha gurudumu la kuvutia. Hiyo ni kwa injini ya silinda mbili. Daraja la 59 lina silinda za inchi 20.5, mwendo wa pistoni inchi 28, magurudumu ya inchi 54 na presha ya pauni 225 kwa inchi ya mraba. Fanya hesabu na utapata pauni 41,675 za nguvu. Lakini Garratt ni injini mbili zilizobeba boila moja katikati, silinda ni nne, kwa hiyo unazidisha mara mbili: pauni 83,350. Hiyo ndiyo namba iliyomo kwenye vitabu vya kichwa hiki, na kwa kilonewtoni ni karibu 371. Mlima unadai 214 na ushuru wa msuguano juu yake. Nguvu inatosha na inabaki.

Sasa fungua faili la kijana na utafute mstari wa NumCylinders. Umeandikwa 2.

Aliyeunda faili la asili, na si huyu kijana, alifanya wanavyofanya wengi: alichukua .eng ya kichwa kidogo cha silinda mbili kinachofanya kazi vizuri, akabadilisha jina, umbo, uzito, kipenyo na presha, na ule mstari ukabaki. Open Rails inatumia kanuni ileile ya zamani kukokotoa nguvu ya kichwa cha mvuke, kwa hiyo iliona injini ya kilonewtoni 185 mbele ya mlima wa 214. Treni ilisimama kwa sababu ilitakiwa kusimama. Simuleta ilikuwa sahihi kupita kiasi.

Tukaweka 4. Treni ikaondoka, ikafika kwenye mwinuko, na magurudumu yakaanza kuzunguka bure.

Hili nalo lina hesabu yake. Nguvu ya injini haifiki yote kwenye reli. Inafika ile tu ambayo uzito ulio juu ya magurudumu ya kuvutia unaweza kuishikilia. Garratt ya daraja la 59 ina ekseli nane za kuvutia, kila moja ikibeba tani 21 hivi, yaani tani 168. Gawanya nguvu ya kichwa kwa uzito huo na utaona inahitaji mshiko wa asilimia 22 hadi 23. Reli kavu inautoa bila shida. Kwenye faili, kipengele kinachoitwa ORTSDriveWheelWeight kilikuwa bado kinasema tani za kile kichwa kidogo, chache sana kwa nguvu mpya. Tulipoweka tani 168 mizunguko ikaisha, isipokuwa mvua ikiwashwa, na hapo inabidi utumie mchanga na kufungua regyuleta kwa adabu. Nadhani ndivyo ilivyokuwa hata kwa madereva wenyewe.

Ubaya wa kunakili faili ni kwamba uongo hauji peke yake. Baada ya mshiko ikaja presha: treni inapanda vizuri kwa kilomita kadhaa, kisha mshale wa boila unaanza kushuka, na mlimani presha ikishuka hairudi. Hapo shida ni eneo la wavu wa moto na eneo la kuchemshia maji, navyo vilikuwa bado vya kichwa kidogo. Ndiyo sababu siku hizi mtu akiniambia treni yake ya mvuke inagoma, sitaki kwanza faili lake. Nataka aniambie inagoma vipi. Isiyoweza kusogea mlimani magurudumu yakiwa yametulia inakosa nguvu ya silinda, au mzigo umeandikwa mzito kuliko ulivyo, au kuna breki ya behewa haijaachia. Inayozungusha magurudumu ina shida ya mshiko. Inayoanza kwa nguvu na kufa polepole ina njaa ya mvuke. Bonyeza F5 ndani ya Open Rails, kisha Shift na F5 mpaka ufike kwenye ukurasa wa nguvu, na utaziona namba hizi zikibadilika treni ikitembea. Ukurasa ule una thamani kuliko logi mara kumi kwa ugonjwa wa aina hii.

Uzito wa mabehewa nao uangaliwe, hasa vipimo. Behewa lililoandikwa 40t ni tani 40. Ukiandika 40 bila kipimo, programu inaichukua kama kilo, na utapata treni inayoruka kama karatasi, kosa ambalo angalau linajitangaza. Baya ni behewa tupu lenye uzito wa lililojaa. Linakwenda, linafunga breki, ila kila kitu kiko kizito kidogo, na mtu anaweza kuendesha hivyo mwaka mzima akidhani ndivyo treni zilivyo.

Watu wanaotaka kujenga reli zetu huniuliza sana kuhusu upana. Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na ile ya kati ya Tanzania ni ya mita moja, TAZARA ni milimita 1,067, na SGR ni 1,435. Vipande vya reli vilivyokuja na mchezo ni vya 1,435. Je, inawezekana? Inawezekana, na rahisi kuliko inavyoonekana, kwa sababu treni kwenye simuleta hii haikanyagi reli. Inafuata mstari mmoja wa katikati uliohifadhiwa kwenye hifadhidata ya njia; vyuma viwili unavyoviona ni picha iliyolazwa juu ya mstari huo. Badilisha maumbo ya reli yawe membamba, hakikisha magurudumu ya vichwa na mabehewa yamechorwa kwa upana huohuo, na macho yataridhika. Kwenye mafaili ya vichwa na mabehewa ongeza ORTSTrackGauge yenye upana halisi, la sivyo hesabu za kona zitafanywa kama vile uko kwenye reli pana, na mwendo salama wa kona utatoka mkubwa kuliko unavyostahili.

Umbo la Garratt nalo huogopwa bure. Simuleta inatambua sehemu za umbo kwa majina maalum, na kila gari linaweza kuwa na BOGIE1 na BOGIE2, yale magari madogo ya magurudumu yanayogeuka chini ya behewa. Garratt kimsingi ndivyo ilivyo: injini ya mbele igeuke kama BOGIE1, ya nyuma kama BOGIE2, na boila ining'inie katikati kama mwili mkuu. Weka egemeo, pale injini inapogeukia, mahali pake halisi, maana ukilisogeza, tangi la maji la mbele litachomoka nje ya kona kwa namna ya kuchekesha.

Ardhi ndiyo itakayokula muda wako mwingi. Wengi wetu tunachukua vimo vya SRTM, ramani ya rada iliyopimwa kutoka angani mwezi Februari 2000 kwa chombo cha Endeavour, yenye nukta moja kila mita 30 hivi. Simuleta inagawa dunia katika miraba ya mita 2,048, na ndani yake ardhi ina nukta kila mita 8. Zile nafasi za katikati zinajazwa kwa kukadiria, kwa hiyo tuta la reli la karne iliyopita halionekani kabisa, wala mkato uliochimbwa kwenye kilima. Rada ile pia hairudi kutoka kwenye udongo peke yake. Penye miti minene inasoma karibu na vilele vyake, na msitu unageuka kilima. Ukilaza reli kwa kufuata ardhi hiyo utapata miinuko ya ajabu, asilimia 3 hapa, mteremko pale, na Garratt yako itagoma tena ikiwa haina kosa lolote. Laza reli kwa mwinuko unaojulikana kwanza, kisha ishushe au iinue ardhi iifuate. Faraja moja tunayo: ramani ya simuleta hii hupotosha pembe zaidi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, na sisi tuko jirani nayo.

Kuhusu kugawana ulichorekebisha, hapa nina msimamo mkali. Vichwa vingi vinavyopatikana bure vina faili la maelezo linalokataza kuvisambaza upya bila ruhusa ya aliyevichora, na kuchora Garratt yenye misumari yake yote ni kazi ya miezi. Usimfungashie mtu folda nzima ukaiweka mtandaoni kwa jina lako. Kwa kichwa cha huyu kijana, vyote tulivyobadilisha vimeingia kwenye faili dogo la ndani ya folda ya OpenRails: silinda, mshiko, upana wa reli na vile vipimo vya boila. Hilo ni letu, na tunaweza kumpa yeyote. Umbo na teksicha atavichukua mwenyewe kutoka kwa aliyevichora. Ila kwenye maelezo andika toleo la Open Rails ulilojaribia, uzito wa treni na mwinuko, maana hesabu za mvuke zimeendelea kuboreshwa toleo hadi toleo, na faili lililopanda vizuri leo linaweza kukuletea ujumbe mwingine wa "mkuu, inagoma" baada ya mwenzako kusasisha.